Daftari la Stesheni na Roho za Watu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa Chama



Tulipopata barua ya Kamati ikitutaka tuseme habari za usalama katika kazi ya reli, pamoja na utunzaji wa nchi ipitiwayo na njia hiyo, tulidhani kwanza kwamba jambo hili ni la mainjinia, wala si la makarani. Mainjinia ndio wapimao madaraja, na mafundi ndio wagongao magurudumu kwa nyundo wasikilize kama chuma kina ufa. Sisi kazi yetu ni wino na karatasi. Lakini kadiri tulivyozidi kulifikiri, ndivyo tulivyozidi kuona ya kuwa hakuna gari liondokalo stesheni pasipo mtu kuandika neno mahali fulani. Na katika hasara nyingi kubwa za reli, wachunguzi walipofika na kuanza kufunua vitabu, walikuta daftari lililosema uwongo, au daftari lililonyamaza.

Tena liko jambo jingine, ambalo baadhi yenu mwalijua. Mwenzetu mmoja, karani wa stesheni, amezuiliwa nyongeza yake ya mshahara kwa kosa la kulichelewesha gari la mizigo kwa muda wa saa mbili na nusu. Alilizuia kwa kuwa alipewa hati ya majaribio ya breki, na alipoilinganisha na daftari lake aliona kuwa hati ile ilitiwa sahihi kwa saa ambayo gari lenyewe lilikuwa bado njiani, halijafika. Yaani mtu alishuhudia breki za gari ambalo halikuwapo mbele ya macho yake. Shauri la mwenzetu huyu liko mbele ya Kamati. Hatutataja jina lake, wala stesheni yake, wala wakubwa wake, kwa kuwa si haki kulisema shauri hadharani kabla halijaamuliwa. Lakini tutasema haya yote huku tukimkumbuka, nanyi twaomba msikilize kwa namna hiyo hiyo.

Na tuanze nyumbani. Tarehe 24 Juni, mwaka wa 2002, gari la abiria lililochukua watu zaidi ya 1,200 lilikuwa likipanda katika Reli ya Kati kuelekea Dodoma. Lilikwisha ipita stesheni ya Msagali, likafika katika vilima vya Igandu. Hapo likapata shida ya breki, likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma. Wengi wenu mmesafiri njia ile, nanyi mwajua jinsi ilivyo: tokea Kilosa njia hupanda na kupanda, na kirudicho nyuma hapo hakirudi pole pole. Gari lile likateremka kwa mwendo wa kutisha, likaipita Msagali tena kinyume, likagongana na gari la mizigo lililokuwa likija nyuma yake katika njia ile ile moja. Watu 281 walikufa. Hata leo, katika Afrika yote, hasara za reli zilizo kubwa kuliko hiyo ni chache sana.

Sasa twataka kuwapeleka mbali kidogo, Ireland, katika mji wa Armagh, tarehe 12 Juni, mwaka wa 1889. Watoto wa shule ya Jumapili pamoja na wazazi wao walikuwa wakienda kutembea pwani. Gari lilijaa kupita kiasi, injini ikashindwa kupanda mlima. Wakubwa wa gari wakashauriana, wakaamua kulikata gari vipande viwili, kipande cha mbele kitangulie na cha nyuma kingoje. Breki ya gari lile ilikuwa ya namna ambayo ikitengwa na injini haina nguvu tena. Basi kipande cha nyuma kilibaki juu ya mlima kimeshikwa na breki ya mkono ya behewa moja, na mawe waliyoyaweka chini ya magurudumu. Injini ilipotaka kuondoka ilirudi nyuma kidogo tu, ikagusa. Mawe yakasagika. Mabehewa yakateremka hata yakakutana na gari jingine lililokuwa likifuata, maana siku zile magari yalitenganishwa kwa dakika za saa tu, bila mtu kuhakikisha kwamba njia iliyo mbele ni tupu. Watu wapatao 80 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto.

Kati ya Armagh na Igandu ni miaka 113. Mlima, breki, kurudi nyuma, na gari jingine linalokuja. Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Twayasema kwa sababu dawa ya Armagh ilipatikana mwaka ule ule. Kabla ya mwaka wa 1889 kwisha, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuzilazimisha kampuni za reli kufanya mambo matatu: gari lisiingie sehemu ya njia mpaka lililotangulia limekwisha kutoka, njia za kupishana zifungamanishwe na ishara zake, ili ishara isiweze kusema uwongo, na kila gari la abiria liwe na breki moja ipitayo mabehewa yote, ambayo ikikatika popote hujikaza yenyewe. Wakaguzi wa Serikali walikuwa wakiyaomba mambo hayo miaka mingi, na kampuni zilikuwa zikijibu kwamba gharama ni kubwa. Twaona ajabu kidogo jinsi gharama zilivyopungua ukubwa wake baada ya mazishi.

Mtatuwia radhi tukiingia katika ufundi kidogo, maana mwenye kutia sahihi hati ya breki yampasa ajue anashuhudia nini. Katika magari ya siku hizi breki hufanya kazi kwa hewa iliyoshindiliwa. Injini huijaza hewa ndani ya bomba lipitalo chini ya kila behewa mpaka la mwisho. Wengi hudhani kwamba dereva atakapo kusimama huisukuma hewa. Sivyo, huitoa. Hewa ikiwamo bombani breki hulegea, na ikitoka breki hukaza, kwa sababu kila behewa lina pipa lake lenye akiba ya hewa, na akiba hiyo ndiyo isukumayo vyuma juu ya magurudumu. Basi bomba likikatika, hewa hutoka yenyewe na gari husimama lenyewe. Hii ni hekima ya George Westinghouse wa Marekani, aliyeanza na breki ya hewa mwaka wa 1869, akairekebisha katika miaka iliyofuata hata ikawa ya kujikaza.

Walakini hekima hiyo imeacha milango miwili wazi. Mlango wa kwanza ni muda. Gari likisimama sana mlimani pasipo kujazwa hewa, mapipa huvuja pole pole, na breki iliyokaza saa ya kwanza yaweza kulegea saa ya tatu. Ndiyo maana zikawekwa breki za mkono na kabari, na ndiyo maana kabari isiyokuwapo katika behewa la gadi si upungufu mdogo wa kuandikwa mwisho wa mwezi. Mlango wa pili ni bilula. Kila mwisho wa behewa pana bilula ya kulifunga bomba, ili mabehewa yapate kuachanishwa. Mtu akisahau bilula moja imefungwa katikati ya gari, dereva hatazami kitu chochote kibaya: kipimo chake cha hewa kimejaa vizuri, na breki za mbele zashika. Lakini mabehewa yote yaliyo nyuma ya bilula ile ni kama mikokoteni tu. Hakuna awezaye kulijua hilo isipokuwa yule aliyekwenda kwa miguu yake mpaka behewa la mwisho, akaona kwa macho yake vyuma vikibana na kuachia.

Hapo sasa hatuna budi kuungama jambo letu wenyewe. Tulipokuwa vijana katika kazi, tuliwekwa katika stesheni moja iliyo karibu na mteremko. Ilikuwa desturi kwamba gari likifika usiku, gadi hutuletea hati ya breki, nasi tulitakiwa kwenda pamoja naye hata mwisho wa gari, kisha tuitie sahihi. Usiku mmoja mvua ilinyesha sana. Gadi akasema, "Bwana karani, yote ni salama," nasi tukatia sahihi tukiwa tumekaa kitini, chai ikiwa mezani. Gari likaenda, halikutokea neno. Basi mvua iliyofuata tulifanya vivyo hivyo, na baadaye tukafanya hata siku zisizo na mvua. Ndugu zetu, ile kwamba halikutokea neno ndiyo iliyotuharibu. Kama gari la kwanza lingaliharibika kidogo tu, tungalipata akili mapema.

Usiku wa kukomeshwa kwetu haukuletwa na mkaguzi. Uliletwa na nyapara wa genge la njia, mzee asiyejua kusoma, aliyekuwa akitoka kutazama kalvati moja kwa ajili ya maji. Alikuja na taa yake akiyafuata mabehewa kutoka nyuma, akabisha dirishani petu akauliza, "Mwanangu, umeandika mabehewa mangapi?" Tukamjibu idadi. Akasema, "Mimi nimehesabu hayo, lakini yenye breki ni nusu." Tukatoka naye. Bilula ilikuwa imefungwa katikati ya gari, pengine tangu mabehewa mengine yalipoongezwa katika stesheni iliyotangulia. Hati yetu ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi, wino umekauka, na dereva alikuwa akingoja taa ya kijani tu. Mzee yule hakutushitaki. Aliifungua bilula, akatutazama, akaenda zake. Tangu usiku ule hatujapata kusahau sura yake, na kila tunapoona hati iliyotangulia macho ya mwandishi wake, mwili hututetemeka.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini habari za Quintinshill zatugusa kuliko habari nyingine zote za reli. Mahali hapo ni Uskoti, karibu na Gretna. Watu wawili walipokezana zamu katika kibanda cha ishara. Zamu ya asubuhi ilipasa kuanza saa kumi na mbili, lakini walikuwa wamepatana kwa siri kwamba yule wa asubuhi aweza kuchelewa nusu saa hivi, apate kupanda gari dogo la abiria badala ya kutembea. Ili wakubwa wasijue, yule wa usiku aliandika habari za magari ya baada ya saa kumi na mbili katika kipande cha karatasi, na mwenziwe alipofika aliyanakili katika daftari kwa mwandiko wake mwenyewe. Daftari lilipendeza. Lilikuwa safi, bila pengo, na lilikuwa uwongo.

Asubuhi ya tarehe 22 Mei, mwaka wa 1915, yule wa asubuhi alifika na gari lile dogo. Gari likawekwa katika njia kuu lingoje. Yeye akaketi kunakili. Alikuwa ameshuka katika gari lile muda mfupi tu, na lilikuwa limesimama mbele ya dirisha lake. Lakini mawazo yake yote yalikuwa katika mwandiko. Akalisahau. Akalipa ruhusa gari la askari kuja katika njia ile ile. Magari yakagongana, kisha gari la mwendo wa kasi kutoka London likaingia katika mabaki, na moto ukawaka, kwa kuwa mabehewa ya askari yalikuwa ya mbao na taa zake zilikuwa za gesi. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wao askari wa jeshi la Royal Scots waliokuwa wakienda vitani ambao hata bahari hawajaiona.

Liko jambo moja dogo katika habari hiyo ambalo twaomba mlishike. Kanuni ilisema kwamba gari likisimama penye kibanda, mtu mmoja wa gari hilo aende kibandani kuwakumbusha watunza ishara, ahakikishe kwamba pete ya chuma imetiwa katika mkono wa ishara ili usivutwe, kisha atie sahihi daftarini. Mtia makaa wa gari lile dogo alikwenda. Alitia sahihi, akarudi kwenye injini yake. Pete haikuwekwa, wala yeye hakuitazama. Sahihi yake ikawa imetimiza kanuni, na kanuni ikawa haikumwokoa mtu hata mmoja.

Mpaka hapa tumesema magari. Sasa tuseme nchi, maana Kamati ilituomba yote mawili, na katika reli zetu mambo hayo mawili hayaachani.

Reli ya Kati ilianzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905 wakati wa Wadachi, ikafika Morogoro mwaka wa 1907, Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914. Baada ya Kilosa wajenzi waliufuata mto Mkondoa, kwa kuwa mto ndio ujuao njia nyepesi ya kupenya milima. Lakini aliyejenga nyumba yake kando ya mto amefunga mkataba na wote wakaao juu ya mto ule. Miti ikikatwa katika milima na mashamba yakalimwa hata ukingoni, mvua huchukua udongo ikaushusha chini; mchanga hujaa katika mto, kitanda cha mto huinuka mwaka hata mwaka, na daraja lililojengwa juu ya maji hujikuta halina nafasi tena chini yake. Mwishoni mwa mwaka wa 2009 na mwanzoni mwa mwaka wa 2010 mafuriko yalikuja Kilosa, yakaondoa watu maelfu katika nyumba zao, yakaichukua njia ya reli vipande vipande kati ya Kilosa na Gulwe. Magari yakakoma kupita miezi mingi. Wale wa bara walingoja mizigo, na gharama ya kuipeleka kwa malori ililipwa na mnunuzi wa sabuni na chumvi.

Hasara hiyo ilikula njia. Nyingine hula watu. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari, mwaka wa 1993, katika Kenya, gari la abiria liendalo Mombasa lilifika penye mto Ngai Ndethya, ambao kwa siku nyingi za mwaka ni mchanga mkavu. Mafuriko yalikuwa yamelidhoofisha daraja. Injini na mabehewa yakatumbukia, na watu zaidi ya 100 wakafa. Hakuna ishara ya reli ionyeshayo kwamba mvua kubwa imenyesha milimani saa nne zilizopita. Anayejua ni mtu: mchungaji, mke wa mkulima aliyekwenda kisimani, nyapara wa genge. Nao humwambia nani? Humwambia karani wa stesheni iliyo karibu, kama karani huyo ni mtu wa kusemeka naye.

Ndiyo maana twasema kipimo cha mvua kilicho uani mwa stesheni si pambo. Tumepata kukiona kimoja kimeota nyasi, na daftari lake limejazwa mwezi mzima kwa mwandiko wa siku moja. Nyapara akisema maji yamefika juu ya alama nyekundu ya nguzo ya pili, karani asiandike "maji kidogo" ili kuepuka kuulizwa. Aandike nguzo, alama, saa, na jina la aliyesema, kisha apige simu mbele kabla ya kukoza wino. Na kama wakubwa hawataki kusoma madaftari ya mvua, basi sisi tuyaweke hata hivyo. Siku ya kupanga daraja jipya, injinia hupanga kwa tarakimu zilizoandikwa miaka ishirini nyuma na mtu asiyejua kwamba ataulizwa.

Kuhusu wanyama tutasema kidogo, maana wengi wenu mwajua zaidi. Reli mpya ya Kenya, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, imepita Tsavo juu ya tuta refu, na chini yake ziliachwa nafasi za tembo kupita. Na katika mbuga ya Nairobi njia hiyo iliinuliwa juu ya nguzo kwa urefu wa kama kilometa 6. Tembo wengine wamejifunza njia hizo, wengine wamegongwa na magari. Hapo napo pana safu ya kuandika: mnyama gani, kilometa ya ngapi, saa ngapi. Bila hiyo hakuna ajuaye mahali pa kumwagiza dereva apunguze mwendo.

Lakini mbuga hazituumi kama visima. Mahali fulani tulipopata kufanya kazi palikuwa na banda la injini na matangi ya dizeli, na chini ya mteremko palikuwa na nyumba za wafanya kazi na kisima chao. Karani wa stoo alikuwa na safu moja katika daftari iitwayo "upungufu wa kawaida". Kila mwezi mafuta yaliyopimwa yalikuwa pungufu kuliko yaliyopokewa, na kila mwezi tofauti iliingizwa katika safu hiyo, ikajumlishwa, ikakubaliwa. Hesabu zililingana. Wakaguzi walipita wakatia alama. Wake zetu ndio waliokuwa wa kwanza kusema kwamba maji ya kisima yana harufu, nasi tukawaambia ni ndoo. Baadaye bomba lilipofukuliwa lilikutwa limeoza chini ya ardhi, na udongo kwa urefu wa mtu ulikuwa mweusi. Mafuta yale hayakuibwa wala hayakupotea. Yalikuwa yameandikwa, kila lita, kwa wino safi, chini ya jina lisilo lake. Kisima kile hakikunyweka tena. Karani yule alikuwa mtu mwaminifu, hakuchukua hata senti. Na twamkumbuka kwa huruma, kwa kuwa sisi tulikuwa tukikaa meza ya pili, na jumla zile tulizihakiki sisi.

Tutaje na vyoo, ingawa si neno la karamuni. Katika mabehewa ya zamani choo humwagika njiani. Msafiri hajali, kwa kuwa gari limekwisha pita. Lakini genge la njia hushika mataruma yale yale kwa mikono mitupu. Katika India, ambako reli ni kubwa mno, mabehewa ya abiria yametiwa matangi ambamo vijidudu huozesha taka kabla ya maji kutoka. Jambo hili lawezekana, na limefanyika. Kwetu, kwa mahali ambapo mabehewa ya zamani yangali yakitumika, glavu na sabuni kwa magenge zingekuwa mwanzo, nazo huagizwa kwa fomu ya stoo, na fomu ya stoo hujazwa na mmoja wetu.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni ya zamani. Tangu mwaka wa 2024 gari la umeme hutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Halina moshi, wala halimwagi dizeli njiani, na ishara zake hutunzwa na kompyuta. Twafurahi sana, na sisi tumelipanda tukalisifu. Lakini kompyuta nayo ni daftari. Hutunza kilichotiwa ndani yake, na mtu awezaye kuandika hati kabla gari halijafika aweza kubonyeza kitufe vile vile akiwa kitini, chai ikiwa mezani.

Basi turudi kwa mwenzetu. Tumesoma barua aliyoandikiwa. Haisemi kwamba breki zilikuwa nzima. Haisemi kwamba hati ilikuwa ya kweli. Yasema kwamba gari lilichelewa saa mbili na nusu, na kwamba katika orodha ya sababu za kuchelewa yeye hakuwa na sababu iliyomo katika orodha. Tuliitazama orodha hiyo. Ina injini kuharibika, kungoja gari jingine, kupakia mizigo, hali ya njia, na mwisho "kosa la mfanya kazi wa stesheni". Mtu anayelizuia gari kwa kuwa ameona uwongo hana mahali pa kuandikwa isipokuwa katika safu ya makosa. Wala hatudhani kwamba aliyeitengeneza orodha alikusudia ubaya. Yamkini hakupata kumfikiria mtu wa namna hiyo.

Tumeulizwa na baadhi ya wazee wa Chama kama si hatari kumtetea, isije ikaonekana kwamba twawafundisha makarani kuyazuia magari kwa kiburi. Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba karani akizuia gari bila sababu, daftari lake mwenyewe litamhukumu, maana atalazimika kuandika alichokiona. Mwenzetu aliandika: saa ya hati, saa ya kufika kwa gari, nambari ya gari, na jina la aliyetia sahihi. Mistari minne. Sisi tulioziweka sahihi zetu katika giza la mvua hatukuwa na hata mmoja wa kuandika.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu maombi mawili, yapigiwe kura kama yapasavyo. La kwanza, Kamati iandike kwa wakubwa wa mwenzetu kuomba nyongeza yake irudishwe, na nakala ya kurasa mbili za daftari lake iambatanishwe. La pili, iombwe kwamba katika orodha ya sababu za kuchelewa iongezwe safu mpya ya gari lililozuiwa kwa ajili ya usalama, na isihesabiwe pamoja na makosa.

Barua ya kwanza tumekwisha kuiandika, iko mezani kwa Bwana Katibu. Mwenye kutaka kuisoma kabla ya kutia sahihi, na aisome; twapendelea hivyo. Kalamu iko pale pale.